Tanga na Dar es Salaam: Maisha nafuu, nafuu kwa nani?

Kuna mjadala usiokwisha baina ya watu wa Tanga wanaoishi Dar es Salaam. Huzuka kwenye khitma, kwenye walima, au nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, na anayeuzusha aghalabu ni mtu aliyerudi juzi kumwangalia mama yake. Atawaambia wenzake kwamba Tanga maisha ni rahisi. Atataja kodi ya nyumba, madafu, machungwa ya Muheza na samaki aliyetoka baharini asubuhi hiyo hiyo. Ataeleza jinsi alivyoswali jamaa vipindi vyote vitano kwa siku tano mfululizo, jambo ambalo Dar es Salaam hajalifanya tangu Ramadhani iliyopita. Kisha mmoja wa waliokaa atamwuliza: kama Tanga ni rahisi kiasi hicho, mbona wewe uko Mbagala? Watu hucheka, kahawa ikazungushwa tena, na mjadala ukaahirishwa hadi khitma nyingine.

Swali lile huulizwa kwa mzaha, lakini naona lina uzito wake. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Ngamiani, nimekulia katika zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba, na sasa nina zaidi ya miaka ishirini Temeke. Hivyo sizungumzi kama mgeni katika mji wowote kati ya hiyo miwili. Na kila nikisikia Tanga ikisifiwa kwa unafuu wake hunijia swali ambalo sijalisikia likiulizwa katika khitma zetu: nafuu hiyo ni nafuu kwa nani, na nani anailipia?

Tuanze na hesabu ya kawaida. Kodi ninayolipa Temeke kwa vyumba viwili vya ndani ya nyumba yenye wapangaji wengine watano, Makorora ingenipatia nyumba nzima yenye ua wake. Tena Dar es Salaam mwenye nyumba hadai kodi ya mwezi. Anadai ya miezi sita, na wengine ya mwaka mzima, pamoja na ya mwezi mmoja ya dalali ambaye kazi yake ilikuwa kukuonyesha mlango. Ukija kwenye vyakula vya shambani na baharini, Tanga imeshinda. Lakini ukija kwenye nguo, vyombo, simu na vifaa vya ujenzi, Kariakoo ndiko kwenye bei ya chini, na mfanyabiashara wa Tanga hupanda basi usiku akafuate mzigo huko huko, kisha akaongeza nauli na faida yake juu ya bei. Kwa hiyo hata katika hesabu hii ya dukani jawabu si la upande mmoja.

Ama ukiacha bei, tunacho kipimo chetu cha maisha mazuri ambacho ni cha zamani kuliko vipimo vyote vya wachumi. Mtume (s.a.w.) amepokewa akitaja mambo manne kuwa ni katika furaha ya mtu: mke mwema, makazi yenye nafasi, jirani mwema na kipando cha kustarehesha. Na kinyume cha hayo manne akakihesabu kuwa ni katika taabu yake. Mke mwema tumweke kando, kwani huyo hapangwi na mji, ingawa najua wapo watu wa Tanga watakaonipinga vikali katika hilo. Tuangalie matatu yaliyobaki.

Makazi yenye nafasi nimekwishayataja. Nyumba ya Ngamiani, hata ya mtu maskini, ina ukumbi, ina uani, ina baraza ya kumkaribisha mgeni bila kumpitisha kwenye vyumba vya wanawake. Dar es Salaam anayetafuta nafuu ya kiwanja hujikuta bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yaliua watu na kubomoa nyumba, na serikali ikawahamishia baadhi ya walionusurika Mabwepande, mbali kabisa na Kariakoo walikokuwa wakipata riziki zao. Wale hawakujenga bondeni kwa kupenda maji. Walijenga pale kwa sababu ndipo mfuko wao ulipofika.

Kipando nacho kina kisa chake. Tanga ni mji tambarare na kwa miaka mingi ulikuwa mji wa baiskeli. Mgeni alishangaa kuona wanawake na mabaibui yao wakiendesha baiskeli kwenda sokoni na kwenye harusi, na hapakuwa na mwenyeji aliyegeuka kuangalia. Bodaboda zimezipunguza sana, lakini bado mtu hutoka Mabawa akafika mjini kabla mwenzake wa Dar es Salaam hajapata daladala ya kwanza. Mtu anayekaa Gongo la Mboto na kufanya kazi katikati ya mji, akitumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi kwa siku sita, ametumia saa ishirini na nne kwa wiki. Hiyo ni siku nzima na usiku wake. Mpe wiki mbili za mapumziko, na bado kwa mwaka mmoja atakuwa amekaa njiani siku hamsini. Mwendokasi yaliyoanza Mei 2016 yamewapunguzia safari watu wa Kimara, ingawa kusubiri kituoni nako ni sehemu ya safari. Mtu huyu ukimwalika itikafu ya siku kumi za mwisho za Ramadhani atakwambia hana muda. Na anasema kweli.

Hapa ndipo lilipo jambo la tatu, la jirani. Haki za Muislamu kwa Muislamu mwenzake, kama zile za kumtembelea mgonjwa, kuitikia mwaliko na kusindikiza jeneza, hazidai fedha. Zinadai muda. Tanga mtu akifariki asubuhi, kabla ya adhuhuri baraza imejaa, kaburi linachimbwa na vijana ambao hakuna aliyewaita, na wanawake wameshagawana nani alete sufuria na nani alete mchele. Dar es Salaam tunao moyo huo huo, kwa sababu sisi ni watu wale wale. Lakini habari inamkuta mmoja Tegeta na mwingine Chanika, na anapowasili marehemu ameshazikwa, basi anakuja kutoa pole saa tatu usiku akiwa bado na mkoba wa kazini. Hakuna aliyeamua kuwa mtu mbaya. Mji umekwisha chukua kile ambacho angekitumia kuwa mtu mwema.

Wapenzi wa Tanga huishia hapa na kutangaza ushindi. Mimi nataka tuendelee, kwa sababu yaliyobaki ndiyo magumu.

Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliifanya kazi hii hii ya kulinganisha miji katika Muqaddimah yake. Aliichukua miji ya Fez na Tlemcen, na wala hakulinganisha bei peke yake. Alilinganisha watu: kadhi wa Fez na kadhi wa Tlemcen, mfanyabiashara na mfanyabiashara, fundi na fundi, mpaka akafika kwa ombaomba. Akaeleza kuwa katika mji mkubwa matumizi ni makubwa kwa sababu mapato ni makubwa, na katika mji mdogo yote mawili ni madogo. Ombaomba wa Fez, anasema, aliwaona wakiomba fedha za mnyama wa kuchinja siku ya Idi, wakiomba nyama na samli na nguo. Ombaomba wa Tlemcen angeomba vitu hivyo angekemewa na kufukuzwa. Anayewajua ombaomba wa Kariakoo siku ya Ijumaa, na akawalinganisha na wazee wawili watatu wanaokaa mlangoni mwa misikiti yetu ya Ngamiani, hatahitaji maelezo zaidi.

Tufuate basi njia ya Ibn Khaldun. Mwalimu wa shule ya serikali aliyeko Tanga na mwenzake wa Dar es Salaam wenye daraja moja hulipwa mshahara mmoja, kwa kuwa ngazi za mishahara ya serikali ni za nchi nzima. Mwalimu wa Tanga basi ana bahati. Analipwa kwa kipimo cha taifa na ananunua kwa kipimo cha Makorora. Hali ni hiyo kwa karani wa serikali, kwa askari, kwa mstaafu mwenye pensheni, na kwa mtu kama mimi ninayekwenda siku tano na fedha nilizozitafuta Temeke. Sisi wote tukisema Tanga maisha nafuu tunasema kweli.

Sasa mchukue mvuvi wa Sahare. Samaki wake hupigwa mnada ufukweni. Yanaondolewa mafuta ya mashine, linaondolewa fungu la chombo na la nyavu, na kinachobaki hugawanywa kwa mabaharia. Kipindi cha kusi bahari ikichafuka zipo siku ambazo hakuna cha kugawanya. Pweza anayeokotwa na akina mama miambani bamvua linapotoka hasubiri mteja wa Ngamiani. Ana wakala wake na safari yake ya viwandani. Samaki ambaye mimi namsifia kwa bei ndogo, bei ile ndogo ndiyo mshahara wa mtu. Mkulima wa Muheza naye, msimu ukifika, machungwa huiva ya kila mtu kwa wakati mmoja, mnunuzi mwenye lori akataja bei akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele, na mkulima akakubali kwa sababu chungwa halingoji. Chungwa hilo likifika Dar es Salaam bei yake imepanda mara kadhaa, na katika nyongeza ile mkulima hana fungu.

Kwa hiyo tunaposema Tanga vitu ni rahisi, tunasema kwa lugha ya adabu kwamba watu wa Tanga wanajiuza kwa bei ya chini. Sifa ya mji kwa mnunuzi ndiyo shida ya mji kwa muuzaji, na ni mji mmoja.

Wala Tanga haikuwa hivi daima. Reli ya kwanza ya bara hili letu la Tanganyika ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, na mwaka huo huo Mjerumani Richard Hindorf alileta mbegu za mkonge. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na hakukuwa na nchi duniani iliyoizidi. Watu walitoka kila upande, hata nje ya mipaka, kuja kutafuta kazi mashambani na bandarini. Katika sensa ya 1967 Tanga ilikuwa na watu wapatao 61,000 na Dar es Salaam 272,000 hivi, yaani Dar es Salaam ilikuwa na watu wanne na nusu kwa kila mmoja wa Tanga. Baadaye zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa na kisha yakafa mikononi mwa waliokabidhiwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mkonge wote wa nchi ulikuwa umeshuka hadi tani 20,000 hivi. Kiwanda cha mbolea kilichotoa ajira katika miaka ya 1970 kikafungwa, na vingine vikakifuata. Sensa ya 2012 ikakuta watu 273,332 katika Jiji la Tanga na zaidi ya milioni 4.3 Dar es Salaam. Wakati huo ilikuwa kumi na sita kwa mmoja. Mji wetu umepewa jina la Waja leo waondoka leo. Nadhani waliolitunga walikuwa wanamtania mgeni, lakini siku hizi sisi wenyeji ndio tunaolistahili.

Utulivu ule tunaokwenda kuupumua wakati wa Idi, basi, sehemu yake ni ucha Mungu na malezi ya wazee wetu, na sehemu yake ni kimya cha mashine zilizozimwa. Mtu muungwana anatakiwa azitambue sehemu zote mbili.

Tena lipo suala la afya, ambalo wenye kusifia hulipita haraka. Hospitali ya Bombo ni ya tangu enzi za Mjerumani na imewatibu wazazi wetu. Lakini maradhi yakiwa makubwa, ya moyo au ya saratani, mgonjwa hupewa barua ya Muhimbili au Ocean Road, na safari ya kilomita takriban 350 huanza. Atafikia kwa nani? Atafikia kwangu mimi Temeke, katika vile vyumba viwili. Tanga ina watu wa kumtembelea mgonjwa na Dar es Salaam ina wa kumtibu. Sijui mpimaji gani wa maisha bora anaweza kumwambia mgonjwa achague kimoja.

Hapo ndipo nifikie jambo ambalo huwa linanikera zaidi. Sisi tulioko Dar es Salaam tunajidhania kuwa ndio tunaoibeba Tanga kwa fedha tunazotuma. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008 kutuma kumekuwa kwepesi kiasi kwamba wengine wetu tumeacha kwenda. Lakini hebu tuhesabu upande wa pili. Mama yako anaogeshwa na nani? Na binti wa jirani, ambaye malipo yake ni kanga wakati wa Idi. Ulipoachishwa kazi watoto walikaa wapi mwaka mzima? Kwa bibi yao Msambweni. Ndugu yako aliyeharibiwa na unga mtaani Kinondoni alirudishwa wapi? Na siku utakapokufa, wenzako watachanga fedha za Coaster, watakupeleka Tanga, na wale vijana ambao hakuna aliyewaita watakuchimbia kaburi bila kuuliza uliondoka lini. Huduma zote hizo, kama ungezinunua kwa bei za Dar es Salaam, usingeweza kuishi Dar es Salaam hata miezi mitatu. Mji wa gharama tunaumudu kwa sababu mji wa nafuu unalipa sehemu ya gharama zetu, na unailipa kwa kazi za watu wasiokuwa na mshahara, wengi wao wanawake.

Nikisema hivi baadhi ya ndugu zangu hunijibu kuwa huo ndio udugu, na udugu hauhesabiwi. Ni kweli udugu hauhesabiwi na anayetoa. Lakini anayepokea ana wajibu wa kuhesabu, ili ajue amepokea kiasi gani, la sivyo atakuwa kama mpangaji anayesifia wema wa mwenye nyumba huku kodi hailipi. Yule binti anayemwogesha mama alipwe ujira wa kazi, kwa mwezi, kama ambavyo ungemlipa mtu Sinza, na kanga iwe juu yake. Samaki asipunguziwe bei na mtu aliyeshuka kwenye basi na suruali ya kupigwa pasi. Nimewaona, tena watu wazima, wakishindana na mama wa Deep Sea kwa shilingi mia tano, kisha jioni wakatupigia simu kutuhadithia jinsi Tanga mambo yalivyo rahisi.

Sasa hivi mambo yameanza kubadilika. Bandari ya Tanga, ambayo kwa miaka meli zake zilitia nanga mbali na shehena ikavutwa kwa matishari, imechimbwa na kupanuliwa hadi meli zinafunga gatini. Agosti 2017 liliwekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani. Madalali wa viwanja walifika Chongoleani mapema kuliko mabomba. Kwa mtiririko huu kodi za Makorora zitapanda, na wale wa khitma zetu watalalamika kuwa Tanga imeharibika. Mimi sitalalamika nao mpaka nijue nani amepata kazi bandarini na nani ameuza shamba la urithi kwa bei ya pikipiki. Kama bei ya samaki itapanda kwa sababu baharia wa Sahare anapata zaidi, Alhamdulillahi, nitanunua nusu. Kama itapanda kwa sababu samaki wote wameshapanda lori kabla jua halijachomoza, tutakuwa na mji wenye gharama za Dar es Salaam na mapato ya Tanga, na hilo hata Ibn Khaldun hakulikuta.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Sahare, mtoto wa jirani yetu wa zamani, alinipigia kuniuliza kama nitaweza kumpokea akatafute maisha. Nikamwambia nafasi ya kulala ipo, lakini nikaona ni amana kumweleza yale ya saa mbili za kwenda na saa mbili za kurudi, na ile siku nzima inayopotea kila wiki. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia, "Ami, huku ninazo saa zote ishirini na nne, na hakuna anayezinunua." Anakuja baada ya Idi.